Karani Ameanza Kusema

Tangazo la kifo katika redio ya ZBC ni fupi, lakini mtu wa Unguja akilisikiliza vizuri hupata ukoo mzima. Marehemu hutajwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, kisha huja watoto, ndugu na wakwe, mpaka mpwa aliyeko Wete na mtoto wa ami aliyeko Dubai. Hutajwa nyumba ilipo maiti, msikiti atakaosaliwa, saa, na mahali pa maziko. Mwisho kabisa, msomaji akiwa ameshaanza kuvuta pumzi ya tangazo linalofuata, huja maneno ya jumla kwamba jamaa na marafiki popote walipo wapokee habari hiyo.

Katika tangazo la Karani mimi nilikuwa humo, kwenye "marafiki popote walipo". Nilipokuwepo hasa ni hatua chache kutoka mlangoni kwake, nimeshika mkeka ambao hakuna aliyeniambia niutandike wapi.

Karani si jina lake. Ndivyo baraza yetu ya Ng'ambo ilivyomwita kwa kazi aliyoifanya bandarini Malindi tangu ujana mpaka alipostaafu, na jina lake halisi nawaachia wenyewe. Alikuwa mtu mkimya. Nasema mkimya, sisemi mpole wala mwenye haya, maana watu huchanganya. Wapole niliowajua ni wasemaji wakubwa wakishazoea. Mwenye haya hunyamaza mbele ya wageni, akifika kwake hakuna anayepata nafasi ya kupenyeza neno. Karani alinyamaza kokote. Mkewe aliwahi kuwaambia wanawake wenzake kwamba siku za mwanzo za ndoa alidhani ameozwa bubu na wazee wamemficha.

Basi mtu huyu, jioni ya siku aliyozikwa, alianza kuzungumza.

Tulikuwa juu ya majamvi nje ya nyumba. Wanawake walikuwa ndani na mjane, kahawa imeshapita mara moja, na hitima ilikuwa ya kesho yake. Mmoja wetu akatikisa kichwa akasema kwamba mwezi uliopita tu Karani alimwambia dunia ni mapito. Mwingine akapokea: yeye Karani alimshauri asiuze kiwanja chake cha Fuoni, na sasa anaiona faida. Kijana wa duka la pembeni naye akasema marehemu alikuwa akimpa nasaha kila asubuhi anapokuja kununua mkate. Nasaha! Karani akinunua mkate huonesha vidole: viwili vyake, siku za wageni vinne. Kwa siku tatu za matanga alisema maneno mengi kuliko yote niliyomsikia akisema katika maisha yetu, na yote yalikuwa ya hekima, na yote yalilingana zaidi na msimulizi kuliko na marehemu.

Sidhani kama kuna aliyesema uongo kwa ubaya. Sisi watu wa pwani tunamheshimu maiti kwa maneno. Mtu akifa tunaulizana alisema nini mara ya mwisho, alimuusia nani, alimtaka radhi nani. Marehemu akiwa hakuacha kauli yoyote, kila mtu humchangia. Wale waliokuwa pale jamvini walikuwa wameshatoa ubani wa fedha mlangoni, na huu ulikuwa ubani wa pili. Tatizo ni kwamba yule mzee wa nasaha aliyekuwa akijengwa mbele ya macho yangu sikumjua, na wala nisingependa kukaa naye. Wazee wa nasaha ninao wa kutosha.

Ningeweza kupinga, lakini kwa cheo gani? Msiba wetu una mpango wake, na mpango huo haukumsahau mtu isipokuwa rafiki. Mjane ana eda yake ya miezi minne na siku kumi. Watoto wa kiume wanaosha, wanaingia kaburini, wanampokea baba yao na kumlaza kwenye mwanandani. Ndugu wanasimama kupokea mkono wa rambirambi. Siku ya kugawa mirathi kila mmoja ana fungu lake, thumni au sudusi, limeandikwa tangu zamani na hakuna wa kulibadilisha. Rafiki anabeba jeneza kama wapita njia wanavyolibeba, hatua chache, kisha bega la mtu mwingine linamsukuma kando kwa sababu naye anataka thawabu. Anatupia mchanga wake, anarudi, anakaa. Anayekuja kutoa pole huuruka mkono wake akaenda kwa shemeji wa marehemu waliyekuwa hawasemezani. Silalamiki. Mpango ule una hekima yake, na kama kila rafiki angedai kiti msibani, mjane angekosa pa kupita. Nasema tu kwamba rafiki wa mtu mkimya anarudi nyumbani mikono mitupu mara mbili: hana cheo na hana kauli ya kunukuu.

Nilichonacho mimi ni bao.

Nalieleza kwa ajili ya wasomaji wa bara, ingawa najua na huko linachezwa, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mpenzi wake. Bao la kete lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Kete zetu ni komwe, zile mbegu za kijivu, ngumu, za mkomwe wenye miiba. Kila mchezaji ana safu mbili. Mnapoanza, kila upande una kete kumi tu ubaoni: sita ndani ya nyumba, lile shimo la pembe nne, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata. Zilizobaki, 22 kila mmoja, mnazishika. Hapo mnanamua, kila zamu kete moja inaingia. Zikikwisha mkononi ndipo mnaingia mtaji, na kuanzia hapo hakuna kuomba msaada kwa mtu. Ukila kete za mwenzako huzitoi ubaoni. Unazipanda upande wako kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, cha kushoto au cha kulia, moja moja, na ya mwisho ikiangukia penye kete na mbele yake pana za mwenzako, unakula tena, unapanda tena, na zamu moja inaweza kuzunguka mpaka watazamaji wapotee. Mwanzo wa mtaji kete zilizomo ubaoni ni 64, na mwisho wa mchezo ni 64 zile zile. Anayebaki na safu ya mbele tupu ndiye aliyefungwa.

Anayelitazama bao kwa mbali atadhani ni mchezo wa wazee wanaosubiri adhana ya magharibi. Atakayekaa karibu ataona kwamba fundi wa bao anapoamua aanzie kichwa gani, ameshaziona kete zote zitakapofika kabla ya kugusa moja. Mholanzi Alexander de Voogt alitungia tasnifu nzima ya udaktari, mwaka 1995, ufundi huu wa mabingwa wa bao, jinsi akili inavyoweza kuibeba hesabu hiyo bila karatasi. Sijui angepata nini kwa Karani. Kucheza angecheza naye mpaka usiku. Kumhoji ndiko kungemshinda.

Hesabu Karani aliitoa bandarini. Alianza kazi wakati karafuu bado ni mfalme, akisimama kwenye gati na kitabu chake, akihesabu gunia likiwa begani mwa hamali anayekimbia. Mahamali wanalipwa kwa gunia na hawamsubiri mtu. Karani akikosea, ama hamali amedhulumiwa, ama serikali, na wote wawili watakuja kumpigia kelele. Hapo katikati ya miaka ya 1980, Indonesia, aliyekuwa mnunuzi wetu mkubwa, alipokuwa amekwisha kujitosheleza kwa mashamba yake na bei ya karafuu imeanguka, magunia yaliyotoka yalipungua. Yaliyoingia yakaongezeka: mchele, sukari, unga, kisha kila kitu, baada ya biashara kufunguliwa. Karani aliendelea kuhesabu. Mistari minne imesimama, wa tano unaikata. Kurasa na kurasa.

Ndiyo maana kwenye bao hakugusa shimo ili kujua lina kete ngapi. Wachezaji wengi wana ujanja wa kutia vidole kama wanaosawazisha, kumbe wanahesabu. Yeye alitupa jicho tu. Na tofauti na mafundi wengine, hakupiga kete kwa kishindo. Bao letu lina makelele yake halali. Mchezaji anamtupia mwenzake mafumbo, watazamaji wanapiga kelele "Kula!" kwa mtu asiye na cha kula, na mzee mmoja kila siku lazima adai kwamba ubao huu haufai, ubao mzuri ulikuwa ule wa marehemu baba yake. Mafumbo haya ni ya zamani. Hata Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, aliliingiza bao katika mashairi yake. Katikati ya soko hilo Karani alipanda kete zake kama mtu anayeweka mayai kwenye kapu, na akishamaliza aliikunja mikono juu ya magoti. Hakujibu fumbo hata moja. Wageni walidhani anajivuna. Baadhi ya wenyeji pia, na hawakukosea kabisa.

Hilo nalo liwekwe wazi, maana sitaki na mimi kumchongea mtakatifu wangu mwenyewe. Ukimya wa Karani haukuwa kisima cha busara kilichofunikwa. Mara nyingi hakusema kwa sababu hakuwa na la kusema, au kwa sababu aliona kusema kunachosha. Mara nyingine ulikuwa ukaidi mtupu. Na mara moja uliumiza mtu. Alikuwako kijana mmoja, mzuri wa bao, anatoka mtaa wa pili. Siku hiyo alikuwa akimla mzee mmoja wa baraza vibaya sana, na mzee, kwa hasira za kufungwa na mtoto, akasema kete zimeibiwa, kijana ameongeza moja kwake. Zikazuka kelele. Kijana akaapa. Watu wakamtazama kwa macho yale ambayo yameshahukumu. Karani alikuwa amekaa ukingoni, ameufuata mchezo tangu kunamua, na kama kuna mtu mmoja pale aliyejua kila kete imetoka wapi na imekwenda wapi, ni yeye. Hakufungua mdomo. Kijana aliondoka na hajarudi kwenye baraza yetu mpaka leo.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza kama kete ziliibiwa. Akatikisa kichwa: hapana. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Akatembea mpaka kwenye kona yake, akasema, "Hawakuniuliza."

Nilikasirika, na hasira ile haikuisha upesi. Bado naona kwamba mtu anayejua ukweli hasubiri kuulizwa. Pale jamvini hakuna aliyekumbusha kisa hiki, na nafahamu kwa nini. Lakini huyo ndiye Karani niliyemjua, na sipendi apotee akabaki yule wa dunia ni mapito.

Kuna siku ukimya wake ulikuwa na maana nyingine. Uchaguzi wa kwanza Zanzibar tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe ulifanyika Oktoba 1995, na matokeo ya urais yalipotangazwa yalikuwa asilimia 50.2 kwa Dk. Salmin Amour wa CCM na 49.8 kwa Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Baraza nzima ililipuka. Gazeti lilipomfikia Karani alilitazama jedwali, akatoa penseli yake ya bandarini, akajumlisha pembeni mwa ukurasa, akairudisha penseli mfukoni. Hakusema kama hesabu imemridhisha. Pande zote mbili zilimsubiri, na pande zote mbili zilimnunia.

Vijana wa leo hawawezi kuamini yaliyofuata. Watu waligawana maskani, maduka, hata misikiti. Kulikuwa na mahali, Pemba hasa, ambako watu walisusiana maziko: jirani anakufa, na jirani mwenziwe anafunga mlango kwa sababu ya kadi ya chama. Baraza yetu haikufika huko, lakini ilikatika vipande viwili. Wa chama hiki walikaa upande wa jua la asubuhi, wa chama kile upande wa pili, na bao likawa katikati kama mpaka. Kuna waliokataa kucheza na mtu wa ng'ambo ya ubao. Karani alicheza na aliyekaa mbele yake. Na kwenye maziko alikwenda yote. Sisemi alikuwa mpatanishi, hakupatanisha mtu. Alifika, alimsalia maiti, alibeba jeneza, alikaa jamvini muda wa kahawa moja, aliondoka. Katika nyumba moja walimhoji, nusu kwa mzaha, amekuja kwa niaba ya nani. Akaonesha kaburi lilipo, yaani kwa huyu. Nadhani katika miaka ile msemaji asingeweza kufanya hivyo. Msemaji angetakiwa atoe maelezo mlangoni, na kila neno lingepimwa ni la upande gani. Yeye hakuwa na maelezo ya kupimwa.

Mpaka Novemba 2009, Rais Amani Karume na Maalim Seif walipokutana na maridhiano yakazaliwa, na kura ya maoni ya Julai 2010 ikafungua njia ya serikali ya umoja wa kitaifa, baraza ilikuwa imeshasogea tena ikawa moja. Wengine wakaanza kujigamba kwamba wao hawakumsusa mtu. Karani alikuwa akipanga kete.

Niliachie nafasi na jambo la Septemba 2011, ingawa mwenyewe hakulitaja hata mara moja. Usiku wa kuamkia tarehe 10 meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imejaza watu kupita kiasi. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana, na waliopotea hawakupatikana. Viwanja vya Maisara vikawa mahali pa kwenda kumtambua mtu wako. Nilikwenda huko kwa kazi yangu ya uandishi, na katikati ya mahema nikamwona Karani, mstaafu, hakuna aliyemwita, amekaa kwenye benchi na vijana waliokuwa wakiandika maelezo ya maiti na ya waliotafutwa. Alikuwa na kitabu cha mistari na mwandiko wake ule wa gati. Alikuwa akiandika: shati la mikono mirefu, rangi ya maziwa. Saa mkono wa kulia. Hina mpya miguuni. Mtu alikuja na jina la mtoto wake, akashindwa kulitamka. Karani aliinua uso, akaiacha penseli juu ya karatasi, akangoja. Hakumwambia apige moyo konde, hakumwambia ni kazi ya Mungu, maneno ambayo pale yalikuwa yakisemwa kila upande na ambayo hata mimi nilikuwa nikiyasema. Alingoja mpaka jina likatoka, akaliandika, akamsomesha mwenyewe ahakikishe herufi. Kisha akainua uso kwa anayefuata.

Nilipiga picha nyingi siku ile, hakuna niliyompiga yeye.

Kwa kweli picha zake ni chache kwa jumla. Baada ya arobaini watoto walitaka kutengeneza picha kubwa ya sebuleni, wakatuomba wanabaraza tutafute kwenye simu zetu. Tukatafuta. Tulipata mkono wake juu ya bao, bega lake nyuma ya mtu anayecheka, kofia yake. Watalii wanaopita hupenda kuupiga picha ubao na kete, na huenda Karani yupo katika nyumba nyingi za Ulaya akiwa vidole vitatu na komwe moja. Iliyotundikwa mwishowe ni ya kitambulisho, iliyokuzwa, na humo, kwa kuwa mpiga picha alimwambia atazame mbele, anaonekana kama anayetuhumiwa kitu. Mkewe anaipenda. Anasema ndivyo alivyokuwa akiombwa kutoa maoni.

Niliposhindwa kubishana na wasimulizi wa jamvini, nilijaribu nyumbani kukusanya maneno ambayo nina hakika aliyasema, kwa masikio yangu. "Bado" ndilo la kwanza. Mtu akitangaza ubaoni kwamba mchezo umekwisha, Karani, awe mchezaji au mtazamaji, alisema "bado", na takriban mara zote ilikuwa kweli bado, kuna kete imelala kwenye kimbi, huko pembeni mwa safu ya mbele, ambayo hakuna aliyeiona. Lingine ni "kahawa inapoa", alilokuwa akiniambia mimi peke yangu, kwa sababu katika baraza nzima ndiye mimi ninayezungumza mpaka kikombe kinapoa. Nililichukulia miaka mingi kuwa habari ya kahawa. Na kuna sentensi yake ndefu kuliko zote, aliyoisema siku mwanawe mkubwa alipokwenda Muscat kwa kazi. Karani alitoka uwanja wa ndege moja kwa moja mpaka barazani, akakaa. Tukanyamaza, jambo ambalo si kawaida yetu. Tulijua kwamba leo, kwa kuondoka mtoto, lazima atasema. Akasema, "Kaondoka na viatu vyangu."

Tukangoja kinachofuata, na hakukuwa na kinachofuata. Mtu mmoja akacheka, kisha wote, na Karani akaanza kutia kete kwenye mashimo.

Kisa hiki nilimsimulia mwanawe aliporudi kwa ajili ya mirathi, nikidhani kitamfurahisha. Akanitazama. "Viatu gani, ami? Viatu alinipa mwenyewe. Alivitia kwenye begi langu usiku, mimi nimelala, nimevikuta Muscat." Tukakaa na jambo hilo baina yetu kidogo, kisha yeye, ambaye hana hata chembe ya ukimya wa baba yake, akaanza kunieleza bei ya viatu Matrah.

Ubao wa bao ulileta mjadala mdogo katika mirathi, wa kuchekesha kidogo na wa haki kabisa. Ni mali, na mali yote ya marehemu hugawanywa. Ni wa mfenesi, mzito, kingo zimelainika kwa viganja vya watu. Kadhi hakusumbuliwa, warithi walikubaliana wenyewe kwamba mkubwa auchukue, na fungu la thamani yake limpungukie kwingine. Wanabaraza tulinung'unika. Tuliona ubao ule ni wetu, lakini nilishasema huko juu rafiki ana fungu gani. Ukafungwa gunia, ukapanda ndege. Sisi tukanunua mwingine, na yule mzee anayelalamikia mbao zote amepata la kusema mpaka mwisho wa umri wake: ubao mzuri ulikuwa wa Karani.

Waomani wana mchezo wao wa ukoo huo huo, hawalis, wanaochezea hata kwenye vishimo vya mchangani, na kijana alinambia wafanyakazi wenzake wanapokuja kwake huukodolea macho ubao wa baba yake na kubishana kuhusu kanuni. Yeye alikuwa ameondoka Unguja akijua bao la kitoto tu. Sasa anataka la kiume, hili letu. Kila Ijumaa baada ya sala ananipigia simu ya video. Naiegemeza simu kwenye kopo la sukari ya muuza kahawa, yeye kule na ubao wake, mimi huku na wangu, na kila mmoja anapanda kete za pande zote mbili ili mbao zilingane. Hazilingani. Katikati ya mchezo tunagundua yeye ana kete tatu kwenye shimo ambalo kwangu lina nne, tunarudi nyuma, tunabishana, baraza nzima inaingilia kati kwa sauti kupitia simu, na hakuna tena mtu wa kutupa jicho moja akajua kosa liko wapi. Kijana hanyamazi. Anaeleza kila anachofikiria kabla ya kukifanya, jambo ambalo kwenye bao ni kujiuza mwenyewe.

Ijumaa iliyopita alikuwa na nafasi ya kula, na kanuni inamlazimisha ale, ila anaweza kupanda kuanzia kushoto au kulia. Akaniuliza, "Baba angeanzia wapi hapa?"

Hilo nalijua. Katika mambo yote ninayoulizwa kuhusu marehemu, hilo naweza kulijibu bila kumzulia neno. Nikamwambia baba yake angeanzia kichwa cha kushoto, angeilinda nyumba na kusubiri.

"Angesubiri nini?"

"Mimi nikosee."

Akacheka, akasema yeye hana subira hiyo, akaanzia kulia. Nikawaangalia wenzangu nikitabasamu, maana tulishaona amekwisha. Akapanda, akala, akapanda tena huku akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kete ya mwisho ikaangukia mbele ya nyumba yangu yenye kete kumi na moja, akaizoa yote. Barazani watu walisimama. Muuza kahawa aliokoa simu isianguke. Kijana alikuwa bado anahesabu kule Muscat, nami nikamwambia angoje kwanza, huenda mbao zetu hazilingani, tuhesabu upya tangu kimbi.